Mpwa wangu, Iara si jina la jini

Mpwa wangu mpenzi,

Hongera kwa mtoto, Mungu amkuze. Nimesoma yote yaliyoandikwa kwenye kundi la familia tangu ulipotuma picha yake, na najua yamekuuma. Kuolewa na Mbrazili, wanasema, sawa. Lakini kumpa binti jina Iara, la jini wa majini! Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa wapo wazazi wengine, huko Lisbon na kwingineko, wanaobanwa kwa swali hilohilo.

Jina ni la Kitupi, lugha ya watu waliokuwa wakiishi sehemu kubwa ya pwani ya Brazili Wareno walipotia nanga mwaka 1500. Lina maneno mawili: *y*, maji, na *îara*, mwenye au bwana. Iara, basi, ni Mwenye Maji. Watu wa pwani yetu tusingepaswa kuhangaika nalo, maana mwinyi wetu naye katoka kwenye mwenye. Kitupi hakitengi mume na mke katika neno hilo, kwa hiyo linamfaa bwana na linamfaa bibi. Tena mapadri Wajesuiti walipotaka kuwafundisha Watupi kusema "Bwana wetu", wakimkusudia Mungu, walichukua *îara* hiyohiyo. Mwambie hayo shangazi yako anayeogopa.

Habari ya nguva, huyo mwanamke nusu samaki wanayemwita jini, usiifiche, kwa sababu mtoto ataisikia kwa babu zake wa upande wa pili. Wanasimulia kwamba Iara alikuwa binti shujaa, kaka zake wakamwonea wivu na kutaka kumuua usiku. Akawawahi yeye, akawaua. Baba yake akamtupa pale mto Negro, wenye maji meusi, unapokutana na Solimões wenye maji ya rangi ya udongo, karibu na Manaus. Samaki wakamwokoa, akawa nusu mtu nusu samaki, anaimba na kuwavuta wanaume chini ya maji.

Hadithi tamu, lakini sura hiyo si ya kale. Watupi wa zamani walimwogopa kiumbe mwingine, Ipupiara, dubwana la majini lisilo na wimbo wala nywele ndefu. Padri José de Anchieta alimtaja katika barua ya mwaka 1560 kuwa ndiye anayewazamisha watu. Mreno Pero de Magalhães Gândavo naye alichapa mwaka 1576 habari za dubwana la aina hiyo lililouawa ufukweni São Vicente mwaka 1564. Mwanamke mzuri anayeimba alikuja baadaye sana, katika karne ya 19, Brazili ilipokwisha kujitawala na washairi wake wakitafuta vitu vya kwao vya kujivunia. Wakachukua nguva wa Ulaya, wakampa jina la Kitupi. Luís da Câmara Cascudo, bingwa wa ngano za Brazili, aliieleza hivyo, nami naona yuko sahihi. Ni wakati huo pia ambapo Wabrazili wasio wenyeji wa asili walianza kupenda kuwapa binti zao majina ya Kitupi.

Watupi wenyewe walitoa majina kwa vitu vilivyowazunguka. Mfaransa Jean de Léry, aliyekaa nao kwenye ghuba ya Rio mwaka 1557, aliandika kwamba watoto waliitwa kwa majina ya wanyama, miti na majani. Yeye mwenyewe walimwita Chaza Mkubwa, kwa kuwa jina lake lilifanana na neno lao la chaza.

Bibi yako anasema ulimi wake hauwezi maneno ya huko. Mbona kanju, tunda la mkorosho, anaitamka vizuri? Neno hilo tulilipata kwa Wareno, nao walilipata kwa Watupi. Nanasi nalo asili yake ni hukohuko. Na muhogo anaoupika kwa nazi ulivuka bahari kutoka Brazili.

Ninalokuomba ni moja. Mumeo si Mtupi, umeniambia mwenyewe, na jina hili lina wenyewe. Mwaka 1757 serikali ya Ureno iliamuru watoto wa wenyeji wafundishwe Kireno tu, na lugha iliyotokana na Kitupi ikapigwa marufuku. Haikufa. Inaitwa Nheengatu, ingali inasemwa huko mto Negro, na tangu mwaka 2002 ni lugha rasmi katika manispaa ya São Gabriel da Cachoeira pamoja na Kitukano na Kibaniwa. Mwaka 2023 Katiba ya Brazili ilitolewa kwa Nheengatu. Watupinambá, kabila mojawapo la Watupi, nao wapo Bahia, wanapigania ardhi yao. Mwaka 2024 joho takatifu la manyoya mekundu la mababu zao lilirudi Rio kutoka Denmark, lilikokuwa kwa zaidi ya miaka 300. Iara akianza kuuliza jina lake limetoka wapi, usimwonyeshe picha ya nguva kwanza. Mwonyeshe joho hilo, na umwambie wenye jina wako hai.

Kwenye cheti andikeni kwa I, wasije wakamchanganya na akina Yara wa Kiarabu. Akika iendelee kama ilivyopangwa. Wazee nitazungumza nao mimi Ijumaa baada ya swala, na barua hii nitawasomea yote.

Mjomba wako