Usimuuzie mtu shamba la mzee

Ngudu, Kwimba
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa wanao. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatuonea.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Eti kaka zako wanasema shamba la marehemu mzee limerogwa, na mnunuzi ameshapatikana? Tafadhali usipokee hela yake kwanza. Jumatano nilipotoka shule nilipitia pale nikajionea mwenyewe.

Mtama umeishia magotini, umenyauka kama haujaonja mvua, na wakati huohuo nikichimba kwa kidole naukuta udongo una unyevu. Hapo ndipo watu wanapoanza kutazamana na kutaja majina ya majirani. Lakini pitisha macho katikati ya mistari: maua ya zambarau, mazuri kweli, ungeyakuta ukumbini kwenye harusi usingeuliza. Ni kiduha, mwenzangu, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Nilichokonoa kimoja taratibu kwa kijiti, nikalifuata shina lake jeupe chini ya ardhi mpaka nikalikuta limejibandika kwenye mzizi wa mtama, pamevimba kama chunusi. Pale ndipo kinapofyonzea. Ukiona ua limechomoza, ujue chini kilishakula wiki kadhaa.

Wewe ulikuwa unanishinda biolojia, basi nivumilie, maana hiki kisa kimeninyima usingizi. Mche mmoja unatoa mbegu makumi ya maelfu, nyembamba kama vumbi, nazo zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi. Haziamki kwa mvua peke yake. Zinangoja harufu ya mzizi. Mtama ukikosa fosforasi hutoa kemikali mizizini kuwaita kuvu fulani waje kuusaidia kuvuta chakula udongoni. Mwito huo wa kuvu watafiti wa Japani ndio walioutambua mwaka 2005. Sasa kiduha kinadukiza. Mwito si wake, lakini akiitwa rafiki, mwizi naye anajua mlango uko wapi. Na ardhi kadiri inavyochoka, mtama unaita kwa nguvu zaidi. Udongo wenu ule wa luseni, wa kichanga, mmeupanda mtama juu ya mtama tangu lini?

Unakumbuka mzee alivyokuwa analima pamba? Kemikali ya kwanza ya aina hii, mwaka 1966, ilipatikana kwenye mizizi ya pamba. Kiduha kikiisikia kinaota mbio, kisha kwenye mzizi wa pamba hakipati pa kujishikiza, kinakufa ndani ya siku chache. Mzee hakuwa na habari ya kemia, ila kila msimu wa pamba alikuwa anakitega. Bei zilipomchosha akaiacha pamba, na ukihesabu vizuri, uchawi wa kaka zako umeanza hapo.

Jenomu ya mtama, yaani ramani ya DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2009, herufi kama milioni 730. Bila hiyo ramani nadhani watafiti wangekuwa bado wanapapasa. Mwaka 2017 wakaipata jeni moja, wanaiita LGS1. Mtama ulioipoteza bado unatoa mwito, ila kemikali imegeuzwa, kama mkono wa kushoto na wa kulia: kuvu wanaitikia, kiduha hakielewi vizuri. Nililolipenda zaidi ni la mwaka 2020, walipokuta kwamba mitama ya jadi iliyokosa jeni hiyo inapatikana zaidi sehemu zenye kiduha kingi. Yaani bibi zetu, kwa kuchagua tu masuke yaliyopona, walikuwa wanaichuja jeni wasiyoijua.

Tena mbegu za mtama unaokihimili kiduha si ndoto. Aina mbili, Hakika na Wahi, zilipitishwa hapa Tanzania mwaka 2002, kutokana na kazi ya Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyeko Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Dawa ilifika miaka kumi na mitano kabla ya maelezo. Mbona wakulima wengi huku hawazijui? Hilo linaniudhi kuliko kiduha chenyewe.

Na bakteria nao wamo. Mwaka 2024 watafiti walipanda mtama kwenye udongo ulio hai na kwenye udongo uliouawa vijidudu vyake. Kwenye ulio hai kiduha kilishika kidogo: mizizi ilijijengea ukuta mgumu zaidi, na kuna bakteria waliozila kemikali ambazo kiduha huzihitaji ili kitengeneze kinyonyeo chake. Waliwatambua kwa kusoma DNA iliyomo udongoni. Hilo bado ni la maabara, usije ukaenda dukani kuulizia chupa ya bakteria. Samadi ya ng'ombe wa kaka yako, lakini, haihitaji maabara, na pale zizini imejaa mpaka inamwagika barabarani.

Basi mimi nimefikiri hivi. Wiki hii nitapeleka vijana wawili wa kidato cha tatu waking'oe kabla hakijatoa mbegu, wakirundike na kukichoma. Wewe utume hela ya soda. Msimu ujao pamba, hata kama bei inauma, na samadi itawanywe mapema. Mtama urudi baadaye, na uwe Hakika. Kitapungua mwaka hadi mwaka, hakitaisha kwa msimu mmoja. Hilo nakwambia mapema usije ukanilaumu.

Bwana shamba ameniahidi kuulizia mbegu, ila anataka kujua ni ekari ngapi. Ni tatu au tatu na nusu? Kaka zako kila mmoja ana jibu lake. Nijibu kabla ya Ijumaa, na yule mnunuzi mwambie chochote, mwambie shamba limerogwa.

Wako,
Mama Kulwa