Injini ya Gelai iwashwe, vijana wajifunze

Mhariri,

Nafurahi kuona wazazi wakiwapeleka watoto Makumbusho ya Reli pale Nairobi. Ila nina ombi kwa wasimamizi wake: injini ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, isiwe chuma cha kupigia picha tu. Iwashwe.

Marehemu baba alikuwa fayaman, yaani mtunza moto, kwenye injini za aina hii, njia ya Mombasa. Zilianza kuletwa mwaka 1955 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, 34 kwa jumla, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Shengena, jina la ile 5930 iliyo papo hapo makumbusho, ni kilele cha Upare. Kila moja ina uzito unaopita tani 250, na kati ya injini za mvuke za reli za upana wa mita moja hazikupata mpinzani duniani kwa nguvu. Sisi watoto wa Mazeras tulilijua hilo mapema. Zikipanda kutoka Miritini na mzigo, vyombo kabatini viligongana.

Wengi hudhani fayaman alishinda akichota makaa. Hizi zilichoma mafuta mazito. Mkono wa baba ulikuwa kwenye valvu, macho yakihama kutoka kioo cha kupimia maji ya boila hadi kwenye moshi. Moshi mweusi, mafuta yamezidi. Moshi ukikosekana kabisa, hewa ndiyo imezidi, moto unapoa na presha inashuka katikati ya mlima, na mabehewa yote yako nyuma yako! Ujuzi huo umo mikononi mwa wazee, nao wanatutoka.

Mwaka 2001 Gelai ilifufuliwa ikakimbia tena, kwa hiyo siombi muujiza. Vijana wa vyuo vya ufundi wakae na wazee waliobaki, wafundishwe kusafisha mabomba ya boila na kuipasha polepole. Kisha, likizo za shule, ivute mabehewa hadi Konza, watoto waone uwanda wa Kapiti kama tulivyouona sisi kulipokucha, kabla treni ya usiku haijasimamishwa mwaka 2017. Nauli iwe ya mwananchi, si ya mtalii.

Na kama yupo fayaman mstaafu Changamwe, Voi au Makindu anayesoma barua hii, tafadhali aende makumbusho ajitambulishe.

Binti wa fayaman,
Mazeras