Pikipiki inaenea kwenye dabo kebini, tusiifungie mlango wazi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wenzetu wanaobeba pikipiki kwa pikapu za dabo kebini katika barabara za Mbeya, Njombe na Iringa. Mavuno yakishakwisha na hela ya mahindi, viazi au mbao kuingia mkononi, pikipiki mpya hutolewa madukani Uyole, Makambako na Mafinga, zikapandishwa kwenye pikapu, mlango wa nyuma ukaachwa wazi, kisha zikafungwa kwa mipira ya tyubu mpaka kijijini. Ni hatari kwa mwenye pikipiki, na zaidi kwa anayekuja nyuma. Tena haina sababu, kwa kuwa pikipiki ya kawaida inaenea kwenye bodi fupi, yaani sehemu ya mizigo ya pikapu hiyo, na mlango ukafungwa.

Vipimo ndivyo vinavyoamua. Bodi la dabo kebini kama Hilux lina urefu wa karibu mita 1.5, na upana wake wa ndani unakaribiana na huo, ingawa kati ya madigadi ya gari yanayoingia ndani ya bodi unabaki kama mita 1.1. Pikipiki za bodaboda za cc 100 hadi 150 zina urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 110 hadi 120. Kutoka ekseli hadi ekseli ni kama mita 1.28, na tairi la 2.75-17 lina kipenyo cha karibu sentimita 57. Piga hesabu: ukiingiza pikipiki moja kwa moja hadi tairi la mbele liguse ukuta wa kebini, tairi la nyuma litakanyaga mita 1.56 kutoka ukuta huo. Limeshapita bodi kwa sentimita 6 hivi, limekaa juu ya mlango.

Zaidi ya nusu ya uzito wa pikipiki, kilo 65 hivi, unakuwa umeegemea bati la mlango, na gari likiruka tuta mgandamizo huo unaweza kuzidi mara mbili kwa kitambo kidogo. Mlango wenyewe umeshikwa na bawaba mbili na waya mbili za pembeni. Waya ikiwa na kutu, au pini ya bawaba imelika, upande mmoja unaachia na pikipiki inafuata. Anayelazimika kusafiri hivyo, labda kwa sababu bodi lina mzigo mwingine, alaze chini ya matairi mbao ya inchi 2 kwa 10, urefu mita 1.9, ianzie ukuta wa mbele na kuvuka ukingo wa bodi. Uzito utapokelewa na sakafu, mlango utapata sehemu ndogo tu.

Lakini njia tunayoipendekeza ni kuilaza mshazari. Kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia kuna kama mita 2.1, wakati pikipiki, kutoka ncha ya tairi la mbele hadi ncha ya tairi la nyuma, ina mita 1.85. Inaingia, na mlango unafungwa. Keria na taa ya nyuma zitachungulia juu ya mlango bila madhara. Kinachosumbua ni kibati cha namba na ncha ya madigadi ya nyuma, ambavyo husuguana na mlango njia nzima. Fungua kibati hicho kabla ya safari.

Sasa kamba, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata baada ya kuilaza mshazari vizuri. Pikipiki iliyonyooka hufungwa mbele kwa mikanda miwili inayokwenda kwenye kona mbili za mbele, yote ikivuta mbele na chini. Ukiihamishia mikanda hiyo hiyo kwenye mshazari, mambo yanageuka: mmoja utakwenda kona ya mbele kulia, mwingine kwenye kulabu ya ubavu wa kushoto, na yote miwili itakuwa inaivuta pikipiki irudi nyuma, itoke kwenye kona yake. Ndiyo maana unaikuta imelegea baada ya mashimo machache, na aliyeifunga anailaumu kamba. Mshazari unataka mikanda mitano. Wa kwanza upite juu ya kiungo kinachoshika shokapu za mbele chini ya usukani, ushuke moja kwa moja kwenye kulabu ya kona ileile lilimo tairi, uivutie pikipiki ndani ya kona. Wa pili na wa tatu ndio hao wa pembeni. Kazi yao ni kuizuia isilale, si kuivuta mbele. Miwili ya mwisho ishike fremu nyuma, chini ya kiti, kila mmoja na upande wake. Usifunge kwenye mikono ya usukani, kwa kuwa inapinda, wala kwenye keria, kwa kuwa boliti zake ni ndogo.

Ukitazama kutoka nyuma, mikanda ya pembeni iwe na mwinamo wa nyuzi 45 hivi. Mkanda ukisimama wima mno hauzuii pikipiki kulala. Ukilala mno hauibonyezi pikipiki chini. Kaza mpaka shokapu za mbele zishuke kama nusu ya mwendo wake, basi. Wanaozikandamiza mpaka mwisho wanaharibu oili sili, mpira unaozuia mafuta ya shokapu, kisha wanashangaa pikipiki mpya inavuja mafuta kwenye shokapu wiki ya kwanza. Dawa yake ni kipande cha mbao kati ya tairi na kiungo cha shokapu, ili shokapu isiweze kushuka kupita hapo.

Kuhusu mpira wa tyubu, hautoshi. Kanuni ya kufunga mizigo inayotumika Ulaya hutaka kamba zihimili asilimia 80 ya uzito wa mzigo kwa kuelekea mbele gari linapofunga breki, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa pikipiki ya kilo 120 hiyo ni nguvu ya kilo 96 mbele na kilo 60 pembeni. Mpira utavutika, pikipiki ikajisogeza na kurudi kila kona, mpaka kulabu ikaachia. Kamba ya nailoni nayo hunyonya maji na kurefuka, na anayeelekea Tukuyu anajua mvua za Rungwe. Mkanda wa poliesta wenye racheti haubadiliki sana ukilowa. Kama bodi halina kulabu imara, fundi atoboe sakafu pale lilipo boriti chini yake, aweke boliti ya pete ya milimita 10 na washa pana kwa chini. Pete iliyochomelewa juu ya bati tupu huondoka na kipande cha bati.

Kupandisha ndiko kunakovunja watu miguu. Sakafu ya Hilux ya 4x4 iko karibu sentimita 85 kutoka chini. Kwa ubao wa mita 1.8, mnasukuma uzito kama wa kilo 57; kwa ubao wa mita 2.4 unashuka hadi 42. Huku kwetu kuna njia rahisi zaidi: rudisha gari kinyumenyume kwenye kingo ya barabara, ubao ulale karibu sawa. Mbao ya misindano ya inchi 2 inatosha, ila ichaguliwe isiyo na kifundo kikubwa katikati, na ifungwe kwa kamba kwenye gari isije ikateleza nyuma. Mlango ukiwa wazi, pikipiki pamoja na mtu anayepanda nayo ni karibu kilo 190 kwenye ncha ya mlango, sentimita 50 kutoka bawaba. Wekeni gogo chini yake kabla ya kuanza. Watu wawili wasukume, mmoja mkono kwenye breki ya mbele. Asipande mtu akiendesha. Na asubuhi za Juni na Julai kule Makete na Kitulo, bati la bodi likiwa na sakitu, tandikeni kipande cha mkeka wa mpira kwanza, maana tairi jipya juu ya bati la barafu halishiki kabisa.

Kabla ya kuondoka, stendi zote mbili zikunjwe. Wanaofunga pikipiki ikiwa imesimamia stendi wanadhani wameiongezea mguu, kumbe kila tuta linaipindisha stendi na kuilegeza mikanda. Gia iwe ya kwanza, koki ya mafuta ya kabureta ifungwe. Pikipiki isilazwe ubavu hata kwa mwendo mfupi: petroli hupenya kwenye kifuniko cha tangi, na tindikali ya betri humwagika ikala rangi ya bodi na waya zilizo karibu.

Simama baada ya kilomita 10 za kwanza ukaze upya, kwa sababu shokapu na matairi hujipanga upya kwa mtikisiko. Anayetoka Iringa kushuka Kitonga akague mikanda Ilula, si katikati ya mteremko, na ashuke kwa gia ndogo; breki za ghafla pale ndizo zinazoipima mikanda.

Tunawaomba wenye maduka ya pikipiki wawe na ubao mmoja mrefu na seti ya mikanda mitano ya kuazima au kukodisha. Mteja anayekuja na pikapu mara nyingi hana hata kimoja, na anaondoka na mpira wa tyubu kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichopo. Mkifika, legezeni mikanda ya nyuma kwanza, kisha ya pembeni, na ule wa kona uwe wa mwisho, mtu akiwa ameshashika breki ya mbele.

Mafundi wa pikipiki na bodi za magari,
Uyole, Mbeya