Kipupwe Mbeya, tusitazame mabomba ya viwanda tu

Ndugu Mhariri,

Kila kipupwe, lawama za moshi jijini Mbeya huangukia viwanda vya Iyunga na malori ya barabara ya TANZAM iendayo Zambia. Wanastahili, lakini Waingereza waliandama mabomba ya viwanda kwa miaka mia moja na London ikazidi kukosa hewa.

Sheria yao ya 1853 iliwabana wenye tanuri za viwandani na meli za Mto Thames. Majiko ya makaa ya mawe majumbani hayakuguswa. Ile ya 1875, ya miji mingine, iliadhibu moshi wa bomba la kiwanda ukiwa tu "mweusi", basi mtu akajitetea kuwa wake ni wa kahawia! Neno hilo liliondolewa mwaka 1926. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 hewa baridi ilituama London, hewa ya joto ikaifunika kwa juu, na moshi uliokosa pa kutokea ukaua watu wasiopungua 4,000. Sheria ya 1956 ndiyo iliyoingia majumbani: halmashauri ziliweza kutenga maeneo yasiyo na moshi, na wenye nyumba wakachangiwa gharama za kubadilisha majiko.

Kifuniko hicho nasi tunacho. Juni na Julai, usiku ukiwa hauna mawingu, baridi huteremka kutoka milima ya Loleza na Uporoto ikajaa bondeni, na moshi hubaki chini mpaka jua lipashe ardhi. Anayechoma majani alfajiri anawavutisha mtaa mzima. Angengoja saa saba mchana, moshi ungepanda. Plastiki isichomwe saa yoyote.

Kazi ipo kwenye matanuri ya matofali. Moshi mzito hutoka mwanzoni: tofali halijakauka, kuni mbichi, midomo ya tanuri imeshindiliwa kuni hadi hewa haipiti. Moto wa kwanza uwe mdogo, wa kuni kavu, mpaka mvuke mweupe uishe juu ya tanuri. Ndipo uongezwe, na juu ya kuni pabaki nafasi ya hewa. Mwenye haraka hupasua matofali yake mwenyewe, maana maji huchemkia ndani.

Kupiga marufuku hakufai, kiangazi ndiyo msimu wa wachoma matofali. Sheria ndogo ya jiji ipange mahali na saa za kuwasha, na majengo ya umma yatumie tofali za kufungamana za udongo na saruji. Hizo hazichomwi, na saruji inatengenezwa hapo Songwe, ingawa nako kuna bomba lake.

Msomaji wako,
Mbeya