Waingereza wapi hao waliokaa kimya?

Mhariri, gazeti lako nalisoma tangu niko shule na sijawahi kukuandikia hata mstari, ila ile makala ya Jumapili, eti watazamaji wa maigizo hapa kwetu tujifunze kutulia kama Waingereza wa zamani, imenishinda.

Wazamani gani? Ukumbi wa maigizo wa Globe, London, ulipofunguliwa 1599 mtu alikuwa analipa peni moja, anasimama uani juani, anatafuna njugu huku mchezo unaendelea. Sasa njoo Covent Garden, ukumbi mwingine wa maigizo hukohuko London. Ukumbi uliungua 1808, wakajenga mpya, Septemba 1809 wakafungua na mchezo wa Shakespeare, Macbeth, na bei wamepandisha, sehemu ya chini kutoka shilingi tatu na nusu mpaka nne, zile za mabwana kutoka sita mpaka saba. Weee! Watu walilipa, wakaingia, wakaligeuzia jukwaa mgongo, kengele, tarumbeta, mabango, wengine wanacheza hukohuko, waigizaji unaona midomo tu, neno halisikiki. Mahakimu wakapanda jukwaani kusoma sheria ya kutawanya fujo, wakazomewa na wao. John Kemble, meneja na ndo huyohuyo aliyecheza Macbeth mwenyewe, akaleta mabondia, akiwemo Daniel Mendoza aliyewahi kuwa bingwa, ndo kabisa akaumwagia moto petroli. Ikawa hivyo usiku baada ya usiku mpaka Desemba, Kemble akaomba radhi na shilingi tatu na nusu ya chini ikarudi. Hao ndo walimu wetu wa ukimya?

Mwezi jana nilimpeleka mama mdogo kwenye mchezo, ukumbi siutaji. Mume kajificha chini ya kitanda miguu iko nje, mama akacheka, kijana wa mlangoni akaja kummulika tochi usoni, "mama, hapa siyo kwenye ngoma". Mtu mzima yule! Na maji yako uliyotoka nayo nyumbani wanakunyang'anya getini halafu ndani wanakuuzia chupa ileile mara tatu ya bei ya dukani, hilo mbona hamuandiki?

Kama ni Uingereza basi tuchukue yote. Tiketi ya kusimama iwe mia tano, karanga ruksa, na meneja akipandisha kiingilio apande mwenyewe jukwaani kabla mchezo haujaanza, atueleze sababu, bila maiki. Na yule kijana anunuliwe tochi ndogo ya kumulikia ngazi.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam