Sangara wa Ziwa Tanganyika: barua kwa wanangu mnaomaliza hisabati

Wanangu na wajukuu zangu wa Kigoma mlio mwaka wa mwisho wa hisabati,

Mwakeye. Anayewaandikia ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Baadhi yenu nimewafundisha, wengine nimewafundisha baba zenu. Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana, maana ilikuwa ukali mtupu. Hii ya tatu naituma hivyohivyo ilivyo, sina karatasi za kuchezea.

Chanzo ni ripoti. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, yupo likizo, alikuja barazani kwangu jioni na ripoti yake ya mwaka wa mwisho, imejalidiwa vizuri, jalada la bluu, maandishi ya dhahabu. "Shikamoo babu. Naomba unipitie Kiingereza tu, hesabu ziko sawa." Kichwa chake kilihusu modeli ya hisabati ya uvuvi katika Ziwa Tanganyika. Nilifurahi, sitawaficha. Nikamwita bibi yenu alete chai, nikavaa miwani.

Ukurasa wa kumi na moja nikakutana na sangara. Ripoti inasema samaki huyo alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 akawamaliza furu. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shuka, nikasoma tena. Sangara bado yupo. Wanangu, huyo ni wa Ziwa Victoria! Sisi huku tuna sangala wetu, ndugu yake, lakini huyo hakupandikizwa na mtu. Yumo humu tangu kabla ya Mjerumani kuleta reli, kabla ya Ujiji kuwa na soko. Samaki wanaoulisha mji huu ni dagaa na migebuka, na katika kurasa zote zile neno dagaa halimo hata mara moja. Mtoto amezaliwa Kigoma, amekuzwa kwa dagaa, ada yake imetoka kwa mama anayeanika dagaa Kibirizi, halafu anaandika kuhusu ziwa hili na dagaa hamna.

Mtu amechukua kazi ya mtu wa Mwanza, akafuta "Victoria", akaandika "Tanganyika". Kompyuta huifanya kazi hiyo kabla chai haijapoa.

"Umeandika mwenyewe?"

"Nimesaidiwa, babu."

"Umesaidiwa kwa shilingi ngapi?"

Alinitajia. Kiasi sikiandiki hapa kwa sababu mama yake anajua kusoma.

Nikasema haya, tuachane na sangara. Nikaweka kidole kwenye mlinganyo. Hii K ni nini?

"Hiyo ni konstanti, babu."

"Konstanti ya nini?"

"Ya... ya mlinganyo."

Sasa msidhani nawasimulia habari za mjinga. Kijana huyu namfahamu tangu alipokuwa darasa la nne anapima uwanja wa shule kwa kamba ya mbuzi, kwa raha zake tu. Ana akili. Nilipoacha kufoka na chai ikamiminwa mara ya pili, akafunguka. Miezi minne alikuwa amekaa na modeli yake mwenyewe, ya dagaa, aliyoianza vizuri kabisa. Ikawa inamgomea. Kila akiiendesha kwenye kompyuta, baada ya miaka kadhaa idadi ya samaki inashuka chini ya sifuri. Samaki hasi! Akaona aibu. Kwa msimamizi kuna foleni mlangoni, na ukiingia una dakika tano. Wenzake kila akiwauliza wanasema "yangu inaenda poa". Basi akaifuta, akaenda steshenari.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Samaki hasi wale ndio waliokuwa jibu lake.

Nisikilizeni, hili nitalieleza taratibu, hata kama mnalijua. Mlinganyo ule ni wa Verhulst, Mbelgiji, wa mwaka 1838. K ni idadi ya samaki ambayo ziwa linaweza kuilea likashiba, basi. Wakiwa wachache wanaongezeka polepole kwa sababu wazazi ni wachache. Wakikaribia K wanaongezeka polepole kwa sababu chakula ni kidogo. Kasi yao kubwa kabisa huwa katikati, wanapokuwa nusu ya K, na kasi hiyo ni r, yaani kasi yao ya kuzaliana, mara K gawanya kwa nne. Sasa toa kiasi kilekile cha samaki kila mwaka. Kikiwa chini ya rK/4, kuna idadi ambayo ziwa litatulia nayo, ilimradi hukuanza na samaki wachache mno. Kikizidi hapo, hata kwa chembe, hakuna pa kutulia, watashuka tu mpaka waishe. Na kwa kuwa mlinganyo haujui samaki ni nini, utaivuka sifuri na kuendelea kushuka. Kompyuta yake haikukosea. Ilikuwa inamwambia: kwa kiasi ulichoniandikia, dagaa wanaisha mwaka fulani.

Na nyinyi mnajua jambo hilo si la vitabuni. Mwaka 2024 ziwa hili lilifungwa, hakuna kuvua, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, na nyumbani kwenu mnakumbuka kulipikwa nini miezi ile. Kijana alikuwa ameshika mkononi mwake hesabu inayoeleza kwa nini mama yake alikaa miezi mitatu bila biashara. Akaitupa, akanunua sangara.

Angetembea tu. Kutoka kwao mpaka mwaloni ni mwendo wa nusu saa. Angewauliza wazee wanaovua na taa kwa nini mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inalala nchi kavu, angeona mwezi nao unaingia kwenye modeli yake. Mnajua ile milinganyo ya mlaji na mliwaji mnayoikariri kwa ajili ya mtihani? Mmoja wa walioiandika ni Volterra, Mtaliano, mwaka 1926. Mkwewe, D'Ancona, mtu wa baiolojia, alikuwa amepekua hesabu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adriatiki, akaona kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, uvuvi ulipopungua, samaki walao wenzao waliongezeka sehemu yao. Akamuuliza baba mkwe kwa nini. Hesabu kubwa hiyo ilianzia kwenye daftari za soko la samaki na mkwe aliyekubali kusema sijui. Migebuka anamla dagaa. Soko lipo hapa. Wakwe ndio sijui kama mnao.

Mnajua kinachoniudhi zaidi? Hamsemi mmekwama. Wizi wa ripoti ni mbaya, lakini wizi huwa umetanguliwa na ukimya wa miezi.

Nami nimeuonja ukimya huo. Mwaka wangu wa pili chuoni, chuo sikitaji, mhadhiri aliandika ubao mzima wa epsiloni na delta, zile herufi za kupimia ukaribu, akafika mahali akasema "hapa ni dhahiri", akafuta. Darasa zima tukatikisa vichwa kama mijusi. Mimi nilikuwa nimepotea tangu mstari wa tatu. Nikaamini ni peke yangu, mtoto wa Kigoma aliyefika mjini kwa treni la siku mbili na ndoo ya mawese, nimebahatika tu kuingia kati ya wenye akili. Nilikariri uthibitisho ule neno kwa neno, nikafaulu, na ilinichukua miaka mingi ya kufundisha kuja kuelewa kwamba delta unaichagua wewe baada ya mwenzako kukupa epsiloni, kama wapatanavyo watu sokoni: nitajie unataka nikukaribie kiasi gani, nami nitakwambia usogee wapi. Tulipokutana wazee watupu, kwenye msiba wa mwenzetu, nikawauliza. Hakuna aliyekuwa ameelewa siku ile. Wote tuliongopeana kwa vichwa.

Basi mnaponiambia mnakaa na swali moja siku tatu, kurasa kumi za karatasi ovyo, halafu mwenzenu wa kozi nyingine ameshamaliza kazi yake na yuko kantini, naelewa hasira hiyo. Lakini siku tatu zile ndizo masomo yenyewe. Andrew Wiles, mwanahisabati Mwingereza, alipotangaza mwaka 1993 kwamba amethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat, fumbo la zamani la namba, uthibitisho wake ulionekana una pengo. Alikaa nalo mwaka na zaidi, dunia nzima inamtazama, mpaka Septemba 1994. Wewe unatazamwa na nani? Mwenzako wa bwenini, naye amelala.

Kuna na hili dogo, dogo kwenu. Binti wa jirani, kidato cha pili, alimuuliza mmoja wenu, wa kike safari hii, kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya. Akajibiwa: "Ndivyo ilivyo, kariri tu." Nilikuwa uani nasikia. Mwanangu, umesoma aljebra ya makundi na ya pete, umeandika mtihani juu yake! Hasi moja mara sifuri ni sifuri. Sifuri ni moja kujumlisha hasi moja. Fungua mabano: hasi moja mara moja ni hasi moja, basi hasi moja mara hasi moja lazima iwe kitu ambacho ukikijumlisha na hasi moja unapata sifuri. Nacho ni moja. Mistari mitatu. Mtoto yule alikuuliza swali la chuo kikuu na hukulitambua kwa sababu lilikuja limevaa sare ya shule. Nami sijitoi. Kijana nikiwa na chaki mpya nilimjibu mtoto hivyohivyo, tena nikamwongezea kiboko. Jina lake nalikumbuka mpaka leo.

Mengine nayataja bila maelezo. Laleni, saa nane ya usiku hakuna uthibitisho unaonyooka. Jifunzeni kuandika hesabu kwa LaTeX mapema, si wiki ya kukabidhi. Jifunzeni na programu, Python inatosha. Bumu, hela ya mkopo wa chuo, likichelewa semeni nyumbani, msikope kwa watu wa riba. Ukila sapu, mtihani wa marudio, nenda kaifanye, hakuna aliyekufa. Binti uliye peke yako darasani, kaa mbele.

Na msibani wakikukabidhi daftari la michango kwa kuwa "wewe si ndiye msomi wa hesabu", lipokee. Najua inaudhi. Najua ukichelewa kujumlisha wanacheka, wanasema chuo kimekufundisha nini. Waambie umesoma hesabu zisizo na namba, wacheke zaidi, halafu wahesabie.

Sasa upande wetu wazazi, maana nisipousema nitakuwa mnafiki. Sisi ndio tunaomwambia mtoto wa darasa la pili kwamba hesabu ni ngumu, tena kwa majivuno, "hata mimi zilinishinda". Mwaka baada ya mwaka matokeo ya kidato cha nne yanatoka, hisabati inaburuza mkia, wanaofaulu hawafiki nusu, nasi tunatikisa vichwa siku mbili tunarudi kwenye mpira. Kijana akisema anasoma hisabati tupu tunamuuliza atakuwa nani, kana kwamba amesema anasomea uchawi. Akirudi likizo hatumuulizi umejifunza nini, tunamuuliza GPA. Mwenye steshenari anauza ripoti mchana kweupe pembeni ya fotokopi, na sisi ndio tunaompa mtoto fedha ya "kuprinti" bila kuuliza kwa nini kuprinti kumegharimu bei ya mbuzi. Msimamizi anatia sahihi bila kusoma. Angesoma ukurasa wa kumi na moja tu.

Ila, wanangu, sahihi hiyo itakuwa chini ya jina lenu, si lake. Na miezi michache ijayo wengine mtasimama mbele ya darasa la watoto sabini, na kuna mmoja kati yao atauliza.

Mimi nipo. Jumamosi baada ya alasiri nakaa chini ya mwembe, benchi ni refu, na bibi yenu amekubali habari ya chai kwa masharti kwamba mje na sukari. Asije mtu na kazi aliyoimaliza. Njooni na ukurasa mmoja tu, ule mliokwamia, hata kama umejaa mikwaruzo.

Na wewe kijana wa jalada la bluu, ripoti yako bado iko kwangu, ulikimbia ukaisahau mezani. Sijamwonyesha mtu. Ule mlinganyo wako wa dagaa ulionielezea kwa mdomo nimeuandika kwa penseli nyuma ya jalada, na H, kile kiasi cha samaki wanaovuliwa kila mwaka, nimeiacha wazi. Nimeshaongea na mzee mmoja wa Kibirizi mwenye daftari za mavuno ya miaka yake yote. Anasema uende asubuhi mapema, kabla mitumbwi haijamaliza kushusha, na usivae viatu vyeupe.