Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia hoteli ya Mikumi, soma hii

Mwanangu mpendwa, shikamoo yako nimeipokea kwenye meseji, marahaba mama, wajukuu wangu nao wasalimie sana. Umeniambia mnataka kuwapeleka watoto hifadhi ya Mikumi likizo ya mwezi wa sita, na mkwe wangu ameshaona lodge moja kwenye simu anataka kulipia leo leo. Nakuomba mzuie kwanza, mwambie mama kasema asubiri amalize kusoma hii barua, maana nimekaa mapokezi ya hoteli miaka 14 na hela za watu nimeziona zinavyopotea pale kaunta.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaenda Iringa kwa bibi yako? Ile barabara inapita katikati ya hifadhi, kama kilomita 50 hivi, na mimi nilikuwa nakukalisha dirishani, ukiona twiga unapiga kioo kwa viganja unamwambia konda asimamishe basi. Basi halisimami pale. Ulikuwa unalia mpaka Mikumi mjini na mimi nakudanganya mama tutarudi, tutarudi, na hatukurudi kwa sababu nilikuwa naamini hifadhi ni ya wazungu na wenye hela. Hilo ndo nataka lisiwapate wajukuu zangu.

Haya sikiliza. Kiingilio cha Mikumi kwa sisi wananchi ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima, ukiweka VAT inakuwa 5,900. Mtoto wa miaka mitano mpaka 15 ni 2,000, na VAT 2,360. Chini ya miaka mitano bure. Kwa hiyo wewe na mwenzio 11,800, wale wakubwa wawili 4,720, kadogo kana miaka minne hakalipi kitu, jumla 16,520. Nyie wote watano hiyo, mwanangu! Kuku mzima na chips za hapo kwenu mnalipa zaidi. Gari lina malipo yake pembeni kutokana na uzito. Beba kitambulisho cha NIDA na cha mumeo, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto hata kopi, maana hiyo bei ni ya mwananchi na getini lazima ujulikane ni mwananchi. Halafu usitegemee kulipa kesh, wanakupa kontrol namba unalipia kwenye simu, sasa hakikisha salio lipo kabla hujafika, kule mtandao wa simu unaweza kukusumbua.

Kwa hiyo wanyama sio wanaomaliza hela. Hela inaishia kwenye kitanda na sahani.

Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Alikuja baba mmoja kutoka Dar na mke wake na watoto wawili, jina la hoteli silitaji. Alikuwa amepiga simu wiki moja kabla akaulizia chumba akajibiwa laki na ishirini, basi, hakuna aliyemfafanulia na yeye hakuuliza. Akajipanga siku mbili, laki mbili na arobaini, ameiweka kwenye bahasha ya kaki imekunjwa mara mbili. Namuandikisha pale kaunta namtajia bili akanyamaza. Laki na ishirini ilikuwa kwa kichwa, sio kwa chumba, na ilikuwa bila VAT. Watu wazima wawili 240,000, weka asilimia 18 ni 43,200, jumla 283,200 na hiyo ni usiku mmoja tu, kifungua kinywa peke yake, chakula cha jioni unalipa mbali. Watoto wake walikuwa na darubini za plastiki shingoni. Mkewe akatoa hela nyingine kwenye pochi wakaongezea, wakalala, asubuhi wakapanda basi wakarudi Dar. Hifadhini hawakuingia mwanangu. Walikuwa wameshafika, wamebakiza kilomita chache, wakarudi. Mpaka leo nikiona bahasha ya kaki nawakumbuka wale watoto.

Sasa ukipiga simu hoteli usiulize chumba bei gani, hilo swali ndo linalowaponza watu. Uliza hiyo bei ni ya chumba au ya kichwa, VAT iko ndani au nje, ni BB (kulala na kifungua kinywa) au hafu bodi (na chakula cha jioni ndani), na watoto wa umri wa kadha wakilala chumba kimoja na sisi mnawahesabuje, maana kuna hoteli mtoto wa chini ya miaka sita analala bure ukimlaza na nyie na kuna nyingine wanakuchaji godoro. Uliza pia kama wana reti ya mkazi, kwa sababu hoteli nyingi za karibu na hifadhi zina bei mbili, ya mgeni wa nje na ya mkazi, ila ukiona kwenye simu inakuja ile ya dola. Wakishakujibu waambie naomba unitumie hiyo kwa meseji. Hapo hata akija mtu mwingine kaunta huna wasiwasi.

Na usilipie kwenye zile programu za simu za kutafutia hoteli kabla hujapiga simu. Mimi nimekaa upande ule najua, hoteli inakatwa kamisheni, mara nyingi asilimia 15 na kuendelea, kwa hiyo meneja akipata mteja amepiga moja kwa moja ana nafasi ya kushusha na bado akabaki na chake. Piga jumapili jioni au jumatatu, ijumaa na jumamosi watu wa Dar wamejaa na mtu wa mapokezi hana hata muda wa kukusikiliza, lakini jumapili wakishaondoka vyumba viko wazi na anatamani apate jina la kuandika kwenye kitabu. Mkilala jumatatu na jumanne mtapata bei ambayo wa jumamosi haipati. Kuna siku za kukwepa pia, sikukuu unazijua, ila Morogoro mjini ogopa wiki ya Nane Nane kwa sababu ya maonyesho, na siku za mahafali ya vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, gesti zote zinajaa mpaka za uchochoroni na bei inapanda. Mwezi wa tatu mpaka wa tano vyumba vinashuka sana ila ni masika na udongo wa bonde la Mkata ukilowa unanasa gari, sasa umeokoa kwenye chumba unakuja kulipa trekta. Mwezi wa sita mmechagua vizuri, nchi inaanza kukauka na wanyama wanasogelea maji.

Kulala ndani ya hifadhi ni kuzuri sikatai, ila kila masaa 24 mnayokaa ndani yanahesabiwa kiingilio, na chakula unakula cha hapohapo kwa bei ya hapohapo maana hakuna pa kwenda. Nyie na watoto watatu laleni Mikumi mjini, gesti safi zipo, muhimu maji na chandarua, mkakague kabla ya kutoa hela. Geti liko nyuma kama mnarudi Morogoro, kilomita ishirini na kitu, kwa hiyo amkeni saa kumi na moja, saa kumi na mbili linapofunguliwa muwe pale. Saa za asubuhi ndo za simba na tembo, jua likishapanda wanyama wanalala vivulini mnabaki mnaangalia majani.

Chakula cha mchana ingieni nacho. Kiingilio ni cha kuingia mara moja, mkitoka kwenda kutafuta wali mjini mkirudi mnaweza kuambiwa mlipe tena. Chemsheni mayai usiku, chapati, ndizi na machungwa nunueni Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, maji wekeni kwenye deli. Usifunge kitu kwenye mifuko ya plastiki, zile rambo, zimepigwa marufuku toka 2019, tumia kikapu. Na mkifika bwawa la viboko fungeni vioo, nyani wa pale wanajua hotipoti kuliko wewe, watoto wasikae na ndizi mkononi.

Usafiri sasa. Mkwe anataka kukodi gari kutoka Dar mpaka mwisho, mafuta na dereva siku tatu, ya nini? Pandeni treni ya umeme, ile ya SGR, mpaka Morogoro, daraja la kawaida ilianza 2024 kwa 13,000 na watoto nusu, hamfikishi hata masaa mawili. Halafu Msamvu mnachukua basi la Ifakara au Iringa mnashuka Mikumi. Gari la kuingilia hifadhini mkodi hapohapo Mikumi kwa siku moja tu, na mkipata familia nyingine mgawane. Hela mtakayookoa hapo mlipeni muongoza wageni akae mbele na dereva. Hapo usibane mwanangu, tafadhali. Mkienda wenyewe mtaona swala mtarudi, yeye anajua jana simba walilala wapi na anajua kuwaambia watoto yule ni pofu na yule ni kongoni.

Mkibakiza siku kuna hifadhi ya Udzungwa barabara ya Ifakara, unatembea kwa miguu mpaka maporomoko ya Sanje, kama mita 170 kwenda chini, lakini kale kadogo mtakabeba mgongoni kwa hiyo fikirieni.

Mkishapanga tarehe nipigie, nitakuja Msamvu na maandazi. Na kuna jambo nataka kukuomba. Miaka 14 nimeelekeza watu njia ya kwenda geti la Mikumi, nimewachorea ramani kwenye karatasi, nimewafungashia chakula saa kumi alfajiri, na mimi mwenyewe sijawahi kuvuka lile geti. Kama kwenye gari kuna nafasi nihesabuni na mimi. 5,900 yangu ninayo nimeshaiweka pembeni, jumla yenu itakuwa 22,420, na kadogo nitakapakata mimi dirishani.

Mama yako